Shika hamsini zako!

*Huhitaji kuuza kiwanja ili umpige mwenzi wako picha ya kutundika ukutani. Unahitaji lenzi moja ndogo ya bei poa, na kujua unaivalisha kamera gani.*

Hebu tufanye jaribio dogo, msomaji wangu. Chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye picha, halafu nitafutie moja tu ya mtu unayempenda kuliko wote. Si ile mliyopiga watu kumi na wawili kwenye kamati ya harusi. Si selfi ambayo wewe umejaa nusu ya kioo na yeye anachungulia begani. Wala si ile ya Coco Beach aliyovaa miwani ya jua. Nataka yeye peke yake, ametulia, macho yanaonekana, picha ambayo unaweza kuisafisha kubwa ukaitundika sebuleni bila aibu.

Umeipata? Kama umeipata, hongera zako. Wengi wetu tuna picha elfu tatu kwenye simu, na hiyo moja hatuna.

Mimi nililijua hilo siku mbaya. Bibi yetu alipofariki, saa nne usiku tukaambiwa familia ilete picha ya marehemu kwa ajili ya fremu. Tulikuwa wajukuu tisa, kila mmoja na simu yake ya maana, tumekaa kwenye mkeka tunaperuzi. Bibi anakula. Bibi amefumba macho. Bibi kwa mbali, nyuma ya keki. Mwisho wa yote tukaukata uso wake kwenye picha ya sendofu ya binamu yangu. Mpaka leo ukiitazama fremu ile vizuri, pembeni unaona bega la mtu mwingine aliyevaa kitenge cha sare.

Tulikuwa na bibi miaka yote hiyo, na hatukuwahi kumwambia, "Bibi, hebu kaa hapa dirishani nikupige wewe peke yako."

Kwa hiyo makala hii haikufundishi kuwa mpiga picha wa harusi. Ni ya wewe ambaye nyumbani mna kamera, labda mliinunua kwa mbwembwe kabla ya fungate, labda ni ya mtumba, na sasa inakula vumbi juu ya kabati kwa sababu "mbona picha zake ni kama za simu tu?" Ubaya si kamera, mpendwa. Mara nyingi ubaya ni ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi.

Lenzi isiyovuta, ndiyo ipi hiyo?

Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera zimeandikwa 18-55mm. Maana yake unaizungusha, inavuta karibu, inarudisha mbali. Raha tupu. Lakini raha hiyo ina gharama yake. Ili ivute na bado iuzwe bei rahisi, watengenezaji wanabana kwenye tundu la kupitishia mwanga. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6.

Lenzi isiyovuta, ambayo wapiga picha wanaiita praimu, ina urefu mmoja tu. Ukinunua ya 50mm, ni 50mm asubuhi mpaka jioni. Ukitaka mtu aonekane karibu, unasogea kwa miguu yako mwenyewe. Kwa kuwa haina mambo mengi ndani, inaweza kuwa ndogo, nyepesi, rahisi kwa bei, na bado ikawa na tundu kubwa la f/1.8.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi: namba ikiwa ndogo, tundu ndiyo kubwa. Usiulize sana kwa nini, wewe kariri tu. Na tofauti yenyewe si ya kitoto. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya ule unaopita kwenye f/5.6.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Ni saa mbili usiku, taa ya sebuleni inawaka, mwenzi wako amekaa kwenye kochi anacheka na mtoto. Ukiwa na lenzi ya boksini kwenye f/5.6, tuseme kamera inakuomba sekunde 1/15 ili picha iwe na mwanga wa kutosha. Muda huo ni mrefu mno kwa mtu anayecheka: kichwa kinatikisika, picha inatoka kama imepigwa ndani ya daladala. Weka f/1.8, usiguse kitu kingine, na sasa unaweza kupiga kwa 1/125 na chenji ikabaki. Kicheko kimeganda pale pale. Hukuhitaji flashi ya kuwafanya watu wang'ae kama wamepakwa mafuta ya kupikia.

Zawadi ya pili ni ile kila mtu anayoipenda: nyuma kunafifia. Pazia, waya wa televisheni, ndoo ya mboga aliyoisahau dada wa kazi, vyote vinayeyuka na kubaki rangi laini, huku uso umesimama peke yake. Najua utaniambia simu yako nayo inafanya hivyo. Ni kweli, iPhone 7 Plus ilileta mtindo huo mwaka 2016 na simu nyingi zikafuata. Ila simu inakisia kwa programu wapi mtu anaishia na wapi ukuta unaanzia. Kwenye nywele za asili zilizochanuliwa, kwenye twisti na hereni za kuning'inia, inakosea mara nyingi, na shosti anabaki na afro iliyokatwa kama kwa wembe. Lenzi haikisii. Inaona.

Pima sebule kabla ya kupima lenzi

Sasa unaingia dukani au mtandaoni, unakutana na namba tatu: 35mm, 50mm na 85mm. Utaambiwa 85mm ndiyo mwisho wa matatizo kwa picha za sura. Si uongo. Lakini umeulizwa unaishi wapi?

Nina rafiki yangu mmoja, mke wa mtu, alikuja ofisini uso umemvimba kwa hasira. "Dada, mume wangu ameoa lenzi." Kumbe bwana alikuwa amechukua sehemu ya hela waliyokuwa wanaweka kwa ajili ya kodi ya miezi sita, akanunua 85mm ya maana, ya f/1.4, bila kusema neno. Mke aliujua ukweli kupitia meseji ya benki. Hilo lilikuwa tatizo la kwanza. La pili walilijua Jumamosi, bwana alipotaka kujikomboa kwa kumpiga mkewe picha nzuri sebuleni. Alirudi nyuma, akarudi tena, mgongo ukagota ukutani, na bado kwenye kamera anaona uso na mabega tu. Gauni zima, ambalo ndilo bibie alilovaa aonekane nalo, halikuingia.

Hesabu ni hii. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Kwenye kamera hizo, ukiishika wima, kupata kichwa na mabega utahitaji kusimama hivi:

35mm: kama mita 1 kutoka kwa mtu. Kumpata mzima kuanzia kisogo hadi viatu, kama mita 3.

50mm: mita 1.3 hadi 1.4 kwa uso na mabega. Kwa mwili mzima, kama mita 4 na nusu.

85mm: mita 2 na kidogo kwa uso na mabega. Kwa mwili mzima, zaidi ya mita 7.

Chukua futi ya fundi, pima sebule yenu. Ukitoa kochi, meza na kabati la televisheni, umebaki na mita ngapi? Nyumba zetu nyingi za kupanga Sinza, Tabata au Mbagala haziwezi kukupa mita 7 mpaka utokee kwa jirani. 85mm ni ya bustani, ufukweni na ua mkubwa. 50mm inatosha vizuri kwa picha za uso na za kukaa ndani ya chumba cha kawaida. 35mm ni ya chumba kidogo na ya familia: mama, baba na mtoto kwenye kochi moja.

Basi si bora ununue 35mm moja kwa moja usogee karibu? Hapana, hebu ngoja. Kinachoharibu sura ya mtu ni umbali. Ukimsogelea mtu mpaka nusu mita, ambako ndiko unakofika ukitumia ile 18mm ya lenzi ya boksini, pua inakuwa mbele ya safari na masikio yanabaki Chalinze. Ukisimama mita moja na nusu hivi, uso unarudi kuwa ule unaoujua. Kwa hiyo ukiwa na 35mm, usiwe na tamaa ya kujaza uso mtupu. Piga kuanzia kiunoni, acha kiti na dirisha vionekane, picha ina maisha yake.

Na kama kamera yako ni ya sensa kubwa, ile wanayoiita fulu fremu, 50mm yako itaona eneo pana zaidi, karibu sawa na inavyoona ile 35mm kwenye sensa ndogo. Kwako wewe, 85mm itafanya kazi karibu sawa na 50mm ya mwenzio. Ndiyo maana usinunue lenzi kwa sababu tu rafiki yako anayo. Kila mtu na ashike hamsini zake.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Hapa nakusimulia la kwangu ili wewe usilipe ada niliyolipa mimi. Picha linaanza: mimi na mume wangu tulikuwa na Nikon D3100 ya mtumba. Nikaingia dukani, nikasema nataka 50mm ya f/1.8 ya Nikon. Muuzaji akanipa, kitu na boksi, bei nzuri kuliko nilivyotarajia. Nimefika nyumbani, naivalisha kamera, inaingia vizuri kabisa. Nabonyeza ilenge yenyewe. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Nilivyorudi, nikaoneshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Lenzi haikuwa mbovu. Ni mimi sikujua herufi moja. Nikon 50mm f/1.8D ya mwaka 2002 haina mota ndani yake. Inategemea mota iliyo kwenye kamera. Kamera kama D90 na D7000 zinayo. Kuanzia D40 ya mwaka 2006, familia za bei ya chini, yaani D3000 na ndugu zake hadi D3500, na D5000 na ndugu zake, hazina. Ukiwa nazo, tafuta iliyoandikwa AF-S, kama 50mm f/1.8G iliyotoka mwaka 2011. Ile ya kwangu niliishia kumuuzia mtu mwenye D7000, kwa hasara. Herufi D na G, mwenzangu, zilinila hela ya saluni ya miezi mitatu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa mshiko, jua umeshika kamera gani.

Wenye Canon ya DSLR. Nyie ndio mna bahati kuliko wote. EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015 ikiwa chini ya dola 150 za Marekani. Ina gramu 160 tu, inalenga hadi sentimita 35, na inakaa kwenye kamera zote za DSLR za EOS za Canon. Mtaani utakutana pia na kaka yake mkubwa, 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990. Huyo ni plastiki mpaka kwenye shingo inayoingia kwenye kamera, anapiga kelele akilenga, lakini kioo chake kinafanya kazi. Kama bei inakaribiana, chukua STM. Kama II inauzwa nusu yake na ni nzima, usione haya.

Wenye Nikon ya DSLR. Mbali na hiyo 50mm f/1.8G, kuna DX 35mm f/1.8G iliyotoka mwaka 2009 kwa takriban dola 200, maalumu kwa sensa ndogo, na mota yake iko ndani. Kwa chumba kidogo na familia, hiyo ni jembe.

Wenye kamera mpya zisizo na kioo ndani. Canon RF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2020 kwa takriban dola 200. Sony wana FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016. Nikon Z wana 40mm f/2 ya mwaka 2021, ilianza kwa takriban dola 300. Na kama unahama kutoka Canon ya zamani kwenda mpya, usiuze lenzi zako za EF kwa hasira: kuna adapta ya Canon inayoziunganisha na kamera za RF, na zinaendelea kulenga zenyewe. Kwa Nikon kuwa makini: adapta za FTZ hulenga kwa lenzi zenye mota kama AF-S, lakini zile za D kama iliyonitia hasara mimi utalenga kwa mkono.

Mtandaoni utaona pia za Kichina, kama Yongnuo 50mm f/1.8, kwa bei ya chini zaidi. Zinapiga picha, sikatai. Ila ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe, piga hata picha ishirini dukani, utazame kama inalenga panapotakiwa. Rahisi huvunja upishi, na hapa upishi ni macho ya mtu.

Ya mtumba? Nenda na tochi

Kwa kuwa wengi wamehamia kamera mpya, lenzi za DSLR zilizotumika zimejaa sokoni, na ndipo penye nafuu ya kweli. Lakini kwetu pwani kuna adui: unyevu. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, lenzi ikikaa kwenye begi bila kupata hewa inaota fangasi ndani ya kioo.

Ukienda kuitazama, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma na uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, au doa lenye mizizi, aga kwa heshima uondoke. Vumbi dogo si kesi, lenzi zote za zamani zinalo. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele nao mara nyingi hauonekani kwenye picha, ila ni sababu nzuri ya kuomba punguzo. Zungusha pete ya kulengea. Ikikwaruza kama ina mchanga, huenda ilishakwenda ufukweni na bwana wake. Ifunge kwenye kamera yako, ilenge karibu, ilenge mbali, mara kumi.

Ikishakuwa yako, usiifungie kwenye boksi kabatini. Itumie kila wiki, na kwenye begi weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ndiyo, vile unavyotupaga.

Mshiko ni wa wawili

Turudi kwa rafiki yangu na mume wake aliyeoa lenzi. Unajua kilichomuuma yule dada kuliko hela? Aliniambia, "Angeniambia anataka kunipiga picha nzuri, ningechangia." Alikuwa anamaanisha. Kumbe jambo ambalo lingewaweka karibu ndilo lililowalaza mzungu wa nne wiki nzima.

Tamaa ya vifaa inaanza kidogo kidogo. Unatazama video moja, unaambiwa f/1.8 ni ya wanafunzi, mwanaume kamili anapigia f/1.2. Sasa sikiliza: Canon RF 85mm f/1.2 ilitoka mwaka 2019 kwa takriban dola 2,700. Kwa hela hiyo ungenunua zile RF 50mm za f/1.8 zaidi ya kumi na tatu. Ni lenzi nzuri mno, na anayelipwa kwa kazi hiyo ana haki ya kuitaka. Lakini mwenzi wako hataonekana mzuri mara kumi na tatu.

Ushauri wangu ni huu. Kaeni wote wawili, mpange kiwango cha juu kabla ya mtu yeyote kuingia dukani. Kama hela ya kodi, ada au mchango wa vikoba inaguswa, jibu ni hapana, hata kama kuna ofa. Ulizieni maduka matatu, Kariakoo na Posta, kwa sababu bei inakwenda na dola na tofauti ya duka na duka inaweza kukushangaza. Halafu jiulizeni swali moja: tunanunua ili tumpige nani? Mkishataja majina, lenzi itajichagua. Mtoto anayetambaa chumbani, 35mm. Nyuso za wazazi na za kwenu wenyewe, 50mm. Mna ua mkubwa na mnapenda kutoka jioni, wekeni akiba ya 85mm, ile ya f/1.8, taratibu.

Haya, umeshanunua. Sasa?

Kosa la kwanza la kila mwenye f/1.8 mpya ni kuiachia f/1.8 kila saa. Mimi lilinikuta kwa baba.

Mzee alikuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa kwetu wiki mbili. Nikasema safari hii sirudii yale ya bibi. Nikamweka kwenye kiti, nikamsogelea mita moja, f/1.8, nikapiga. Kwenye kioo cha kamera ilionekana bab kubwa. Kwenye kompyuta, sikio la mzee lilikuwa kali unahesabu mpaka vinyweleo, na macho yalikuwa ukungu mtupu. Ukiwa mita moja na 50mm kwenye f/1.8, sehemu inayoonekana vizuri ni kama sentimita 3 tu, mbele hadi nyuma. Mtu akivuta pumzi, umemkosa.

Dawa yake ni ndogo. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu na uweke f/2.8: sasa una kama sentimita 10, uso mzima unaingia na nyuma bado kunafifia. Kamera usiiachie ichague pa kulenga; chagua kidoti kimoja, kiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kamera nyingi mpya zinalitafuta jicho zenyewe, washa hiyo kitu. Wakiwa wawili, mtu na mpenzi wake, wasogeze vichwa viwe mstari mmoja, na ushuke hadi f/4.

La pili ni ngozi zetu. Kamera inapopima mwanga inataka picha nzima iwe ya kijivu cha kati. Mzee amevaa kanzu nyeupe, au bibi harusi shela, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso mweusi mzuri unazama gizani. Tafuta kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, ongeza kidogo kidogo, tazama uso badala ya kanzu. Uso wa mtu ndiyo habari, kanzu tunaijua.

La tatu ni saa. Jua la utosi linachimba vivuli machoni, kila mtu anakuwa na miwani ya giza asiyoivaa. Subiri saa kumi na moja jioni, au mkalishe mtu ndani ya kivuli cha kibaraza akitazama nje kwenye mwanga. Mlango uliofunguliwa ni studio, na haulipishi kiingilio.

La nne, ambalo hakuna duka linaliuza: ongea naye. 50mm inakulazimisha usimame karibu kiasi cha kuongea bila kupaza sauti. Tumia nafasi hiyo. Wazazi wetu wakiona kamera wanasimama kama wanapigwa picha ya pasipoti, mikono imebana mapajani. Muulize jambo la zamani, kisha ngoja. Usimwambie "cheka".

Mimi nilimuuliza baba namna alivyomposa mama. Ilikuwa jioni, amekaa kibarazani, bakora imeegemea goti. Akaanza kwa kujifanya amesahau, kisha akakumbuka barua aliyoandikiwa na rafiki yake kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya, na akatabasamu peke yake, si kwangu wala si kwa kamera. Nikabonyeza mara tatu.

Nilisafisha moja, kubwa, nikaiweka kwenye fremu ya mbao na kumpelekea. Aliishika mbali kidogo, kama wanavyofanya wenye matatizo ya macho, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hii mnaiweka akiba ya msiba wangu?"

Nilikosa la kusema. Baba akacheka. "Basi itundikeni sasa hivi hapo ukutani, niione na mimi ningali hai."

Ipo ukutani, na hakuna bega la mtu mwingine pembeni.

Haya msomaji, usisubiri mkeka wa saa nne usiku. Pima sebule yako, jua kamera yako, ongea na mwenzi wako kuhusu mshiko, kisha shika hamsini zako. Na Jumapili hii jioni, mwambie yule umpendaye: hebu kaa hapa mlangoni, nikupige wewe peke yako.